Africa Fashion ya V&A, London: uzoefu wangu

Ukiniuliza ni maonyesho gani ya mavazi yaliyostahili nauli yangu, nitakutajia Africa Fashion bila kusita. Makumbusho ya V&A (Victoria and Albert, ya sanaa na ubunifu) yaliyafungua Julai 2022 na kuyafunga Aprili 2023, kisha maonyesho yakapelekwa Brooklyn, New York, na mwaka 2024 yakafika Melbourne, Australia.

Nyumba kubwa za mitindo za Paris zikitafuta mawazo ya nguo mpya huchimba historia kwenye ghala zao zenyewe. Jaketi iitwayo Bar aliyoitoa Dior mwaka 1947, yenye kiuno kilichobanwa, warithi wake wanaishona upya hadi leo. Wabunifu wengi wa Afrika hawakuwa na ghala la namna hiyo. Historia yao ilikuwa sandukuni kwa mama na bibi. V&A walilielewa hilo, maana Januari 2021 waliwaomba wananchi watafute majumbani nguo na picha za familia. Baadhi ziliingia kwenye maonyesho, na mbele ya picha hizo ndipo nilipokawia: watu wa kawaida wamevaa za mtoko, wamejipanga mbele ya kamera, wanapendeza kwelikweli.

Aliyenikuna zaidi ni Shade Thomas-Fahm wa Nigeria. Alisomea ubunifu London, akarudi kufungua duka Lagos miaka ya 1960. Akaichukua iro, ile nguo ya kujifunga kiunoni ya Wayoruba, akaitia zipu. Gele, kilemba chao, akaitengeneza ikiwa imeshafungwa, unaiweka tu kichwani. Anayejua shida ya kuwahi kazini huku kilemba hakijakaa sawa ataona ukubwa wa jambo hilo.

Halafu kuna Chris Seydou wa Mali na bogolan, kitambaa cha pamba kinachopakwa rangi kwa majani na udongo. Ukikisogelea unaona ni vipande vyembamba vilivyofumwa, vikaunganishwa ubavu kwa ubavu. Michoro yake ina maana katika mila, na Seydou mwanzoni aliona vigumu kukitia mkasi. Baadaye aliagiza bogolan yenye michoro michache, akakata jaketi na sketi fupi. Kwangu huo ndio utumiaji wa historia wenye heshima: alijua anachokikata.

Ghorofa ya juu ilikuwa ya wabunifu wa sasa. Nilifurahi kuwakuta wa kwetu, lebo za Katush ya Nairobi na Moshions ya Kigali, ambayo imeingiza michoro ya imigongo, sanaa ya jadi ya Rwanda, kwenye mavazi ya leo. Vito vya Ami Doshi Shah, naye wa Nairobi, vya shaba na katani, usivipite haraka.

Simulizi inaanzia enzi za uhuru, kwa hiyo anayetaka historia ya kale zaidi hataipata hapa. Ukisikia yamefika mji ulio karibu nawe, anza kwa wakongwe kabla ya kwenda kwa wabunifu wa sasa, na ikiwezekana mchukue fundi wako wa nguo. Ataona mishono ambayo mimi na wewe tunaipita.