GIMP kwa thamneli za video za mapishi: uzoefu wangu

Nina chaneli ndogo ya mapishi YouTube, napikia hapa hapa nyumbani Tanga, vitumbua, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, vyakula vyetu tu vya kila siku, na kwa muda mrefu video zangu zilikua zinakaa pale hakuna wa kuzifungua, mtu unapika vizuri, unarekodi vizuri, sauti inasikika, halafu watu wanapita. Nikadhani watu hawavitaki vyakula vyenyewe, kumbe shida ni thamneli, ile picha ya nje mtu anayoiona kabla hajabonyeza. Mi nlikua nachukua kipande chochote cha video nakiweka, basi. Chakula hakionekani, giza, moshi wa jiko umetanda.

Nikaanza na app moja ya simu, siitaji jina. Ina violezo vizuri tu, lakini ukimaliza kazi ndo unaambiwa ile rangi uliyotumia ni ya kulipia, usipolipia nembo yao inagongwa katikati ya picha, na kila ukiifungua inakula bando. Mdogo wangu anayesoma chuo ndo akaniletea GIMP, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, kwenye flashi, akaniwekea kwenye laptopu yangu ya zamani, akanambia dada hii ni ya bure kabisa na haihitaji intaneti. Kweli. Haiulizi akaunti, haigongi nembo, na unafanya kazi hata bando limeisha. Ilianzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo cha Berkeley kule Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo watu wa kujitolea ndo wanaiendeleza. Mimi kitu cha bure huwa nakitilia shaka ila hii nimeitumia mwaka sasa na sijaona pahala nimetegewa.

Nisidanganye lakini, wiki ya kwanza ni ngumu. Ukiifungua unakutana na vifaa vingi huvijui, hakuna kiolezo hata kimoja kinachokusubiri, unapewa karatasi nyeupe ujitegemee. Kilichonisaidia ni kuelewa leya. Fikiria masinia ya kioo yamepangwa, la chini lina picha ya chakula, la juu yake lina kivuli, la juu kabisa lina maandishi, ukigusa moja hayo mengine hayaguswi. Nlipoelewa hilo nikawa naenda vizuri. Na kila thamneli naianza na ukubwa wa 1280 kwa 720, mana ndo umbo la 16 kwa 9 la video yenyewe, ukiweka picha ya mraba unaachiwa mapengo pembeni.

Sasa mkate wa kumimina ndo ulionifundisha kazi, kwa sababu ni mweupe. Mchele, nazi, hamira, iliki, ukiutoa juu umepata rangi kidogo ya moto lakini ubavuni na ndani mweupe pe, halafu mimi naupiga picha juu ya sahani nyeupe kwenye meza yenye kitambaa cheupe! Kwenye simu mtu anaona weupe mtupu. Nikajaribu kuuokoa kwa GIMP, nikapandisha kontrasti, nikaongeza ukali wa rangi, mkate ukawa wa njano kama umetiwa manjano, haupendezi hata kidogo. Hapo nikajua programu haiwezi kukutengenezea kitu ambacho kamera haikukiona. Saivi nauweka kwenye sahani ya bati ya bluu, chini natandika kanga nyekundu, na ile kanga naikunja ule upande wa jina usionekane mana maandishi ya kanga yanagombana na maandishi yangu. Naukata kipande kimoja nakigeuza vile vishimo vya ndani vitazame kamera. Mtu anayeujua mkate wa kumimina akiona vile vishimo anajua huu umeumuka.

Picha ikishakua hivo kazi ya GIMP inabaki ndogo na tamu. Nafungua ule mchoro wenye mstari wa mshazari, unaitwa Curves, naushika katikati nauvuta juu kidogo, picha inapata mwanga bila ule weupe kuungua. Naongeza joto la rangi kidogo sana. Halafu nyuma ya sahani natia ukungu, kwa hiyo naikopi leya, ya chini naitia ukungu, ya juu naiwekea maski, nikipaka rangi nyeusi kwenye maski pale panafichika, nikipaka nyeupe panarudi, yaani hukati kitu moja kwa moja, ukikosea unapaka tena. Kwa sahani ya duara nachagua kwa kile kifaa cha duara, inachukua dakika moja tu.

Maandishi nayo. Nlikua naandika jina zima la video, "Jinsi ya kupika mkate wa kumimina laini nyumbani kwa njia rahisi", juu ya picha! Nani atasoma hayo kwenye simu ya mkononi, na jina si limeshaandikwa pale chini? Saivi maneno mawili au matatu, na yawe yanasema kile ambacho jina halijasema. Kwa mkate nliandika "VISHIMO HIVI!" basi. Fonti natumia Anton, ni nene na inapatikana bure Google Fonts, rangi nyeupe yenye mpaka mweusi. Zamani huo mpaka ulikua kazi, unageuza herufi kua eneo lililochaguliwa, unalikuza piseli kadhaa, unaweka leya mpya chini unaijaza nyeusi, na ukikosea herufi moja unarudia yote. Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeweka mpaka ndani ya kifaa chenyewe cha maandishi, na kivuli ukishakiweka unaweza kurudi kukibadilisha hata kesho. Kama unatumia la zamani, hama tu.

Kona ya kulia chini usiweke kitu cha maana, YouTube inabandika pale muda wa video. Mimi nliwahi kuweka bei ya unga pale, haikuonekana kabisa.

Kabla sijatoa picha napunguza mwonekano mpaka thamneli inakua ndogo kama kidole gumba changu, nasogea nyuma ya kiti, naangalia. Kama siwezi kujua ni chakula gani naanza upya. Hatua hii siiruki. Halafu kuna kusevu na kuna kutoa picha (export), ni vitu viwili, ukisevu GIMP inakupa faili la XCF lenye leya zako zote, hilo litunze ndo kiolezo chako cha kesho, ya kupandisha unaitoa kwa JPEG na unaona uzito wake hapo hapo, mimi sizidishi MB 2. Na sevu kila baada ya hatua mbili tatu, umeme uliwahi kukatika betri yangu imekufa nikapoteza kazi ya jioni nzima.

YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zina asilimia 2 mpaka 10 ya watu wanaobonyeza kati ya walioonyeshwa. Zangu nyingi zilikua chini ya hapo, zile nlizozibadilisha thamneli zimeingia ndani. Pia unaweza kupandisha thamneli 3 za video moja wakazijaribu kwa watazamaji, na wanaangalia ipi imeleta muda mwingi wa kutazama, sio mibonyezo peke yake. Hilo nimelipenda sana mana kipindi fulani nlichukua picha ya mkate wa mtu mwingine mtandaoni, mzuri mno, watu wakafungua kweli, lakini ndani ya sekunde chache wakaondoka, na mama mmoja akaniandikia kwamba huo sio mkate wako. Alikua sahihi. Niliitoa siku ile ile, na tangu hapo kila chakula kwenye thamneli yangu ni kile kile kilichopikwa kwenye video ile.

Saivi nahangaika na pweza wa nazi. Tui likichanganyika na rangi ya pweza linatoka kijivu, kwenye picha ndogo halivutii kabisa japo utamu wake naujua. Jana nimejaribu kuweka pilipili mbuzi nyekundu mbili juu na ndimu iliyokatwa pembeni, pamoja na lile bakuli la bluu, imeanza kukaa. Leo jioni umeme ukiwepo namalizia maandishi.