Viungo vya kutibu viungo

Magoti yangu ndiyo yaliyonunua seti hii. Kwenye boksi wameandika "Viungo kwa ajili ya viungo", nami nikacheka, nikalipa. Ndani mna vichupa sita vya kioo: manjano, tangawizi, mdalasini, karafuu, hiliki na pilipili manga. Kila kimoja kina lebo yenye ahadi yake. Huu ni mwezi wa tatu nikivitumia, na vingine vimeshafika nusu.

Kwa mchuzi, sina neno. Hiliki ukiifungua tu, nyumba nzima inajua. Karafuu ni nzima, bado zina vichwa vyake, na ukiiminya moja kwa ukucha inatoa mafuta kidogo, kwa hiyo hawajazikamua kabla ya kutuuzia. Lebo inasema ni "za meno". Sawa, yujenoli iliyomo kwenye mafuta yake hata madaktari wa meno wanaitumia kutuliza maumivu. Ila jino lililotoboka litabaki limetoboka.

Tuje kwenye manjano, maana ndiyo niliyoifuata. Niliambiwa kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya moto kila asubuhi, na baada ya wiki mbili magoti yatakuwa mapya. Nilikunywa bila kuruka hata siku moja. Kila nikimaliza, tope la njano limelala chini ya kikombe, kwa sababu kukumini, kile kinachosifiwa ndani ya manjano, haiyeyuki kwenye maji. Inataka mafuta. Tena ni kama asilimia 3 tu ya unga: kijiko cha gramu 3 kina miligramu 90 hivi, wakati majaribio ya maumivu ya magoti hutumia dondoo la miligramu mia kadhaa, hata 1,000 na zaidi, kwa siku. Na hiyo kidogo mwili hauipokei vizuri. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kukumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ule ukali wa pilipili manga, na kiasi kilichoingia kwenye damu kikapanda mara 20. Pilipili manga imo humu humu kwenye boksi! Imekaa pembeni ya manjano, lebo yake inazungumzia gesi tumboni, na hakuna mahali wanakuambia uvichanganye. Magoti yangu bado yanalia kwenye ngazi.

Tangawizi ndiyo iliyonishangaza. Wameiandika "huongeza nguvu", sijui nguvu gani. Binti yangu ana mimba changa, asubuhi hata harufu ya chai ilikuwa inamkimbiza. Akamuuliza mkunga wake, akaruhusiwa kiasi kidogo, na kichefuchefu kikapungua kweli. Hilo ndilo jambo ambalo tangawizi ina ushahidi mzuri, na ndilo hawakuliandika.

Ugomvi wangu mkubwa ni mdalasini. "Kwa sukari, kijiko kila siku." Matokeo ya utafiti kuhusu sukari yanapingana, hilo niliweza kulisamehe. Lakini ni mdalasini upi? Ule wa Ceylon hauna kumarini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mdalasini, ya kutajwa. Wa kasia unayo nyingi, na ikizidi inaweza kuumiza ini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anakifikia kwa gramu 2 hivi za kasia, na kijiko chao kimoja kinaweza kupita hapo. Ungekuwa wa magome ningeutambua mwenyewe, maana wa kasia ni mnene na mgumu na wa Ceylon una tabaka nyembamba kama karatasi. Huu ni unga. Nikawaandikia wauzaji. Wakanijibu: "Ni mdalasini asilia, mpendwa mteja."

Dada yangu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akataka kuazima manjano. Nilimnyima mpaka amuulize daktari wake, kwa kuwa inaweza kuchochea damu kutoka. Lebo haina onyo lolote.

Nyota tatu: mbili za harufu, moja ya tangawizi. Wakianza kuuza kichupa kimoja kimoja, nitarudi kuchukua hiliki na karafuu.