Baada ya Kuvunjika Nyonga: Nyumba ya Uangalizi wa Muda au Muuguzi wa Kuja Nyumbani?

Katika familia nyingi za Kampala, mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini akiwa na mfupa uliovunjika, suala la nani atamtunza huwa limekwisha kuamuliwa kimyakimya: ni binti ambaye hajaolewa, au mkwe asiye na kazi ya ofisini. Katika hospitali zetu, Mulago ikiwamo, ndugu ndiye anayemlisha mgonjwa, anayemwogesha na anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda, kwa hiyo hakuna anayeshangaa kazi hiyo ikimfuata hadi nyumbani. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Bombo aliyehamia Kibuli, aligongwa na bodaboda akavunjika shingo ya mfupa wa paja, pale unapoungana na nyonga, na madaktari wakambadilishia kichwa cha mfupa huo kwa cha chuma. Tulimpeleka kwanza katika nyumba ya uangalizi wa muda, yaani mahali ambapo wahudumu humtunza mgonjwa mchana na usiku kwa kipindi kifupi, kisha tukaajiri muuguzi wa kuja nyumbani. Naandika kuhusu huduma zote mbili kwa sababu naona watu wengi huzilinganisha kwa kuangalia ukubwa wa jeraha, ilhali maswali ya kwanza yangepaswa kuhusu choo na usiku.

Nianze na choo. Baada ya upasuaji wa aina ile, Mama alikatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90 na kupishanisha miguu kwa wiki kadhaa, kwani kiungo kipya kinaweza kuchomoka. Sasa tazama nyumba zetu zilivyo: choo cha shimo cha kuchuchumaa, vigoda vya jikoni, na mkeka ambao mwanamke wa umri wake huuketia tangu asubuhi hadi wageni wa jioni wanapoondoka. Kila kitu kiko chini. Ilibidi fundi seremala atutengenezee kiti kirefu chenye tundu katikati, chenye miguu mipana isiyoteleza, na Mama akaanza kusali akiwa amekaa kwenye kiti kingine cha kimo hicho hicho. Kabla viti hivyo havijakamilika, kumrudisha nyumbani kungekuwa hatari, hata kama tungemwajiri muuguzi bora kuliko wote mjini.

Usiku nao una hesabu yake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takribani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na katika wodi kazi hiyo ilimwangukia wifi yangu peke yake. Kufikia siku ya kuruhusiwa alikuwa akilala huku kengele ya simu ikilia sikioni. Kwa kweli nyumba ya uangalizi tuliilipia kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya Mama, na sioni haya kulisema, kwa kuwa huduma ya namna hiyo imekusudiwa kumpumzisha mlezi.

Nyumba yenyewe, ambayo sitaitaja jina, ilifanya vizuri sana katika kazi ya usiku. Karatasi ya kumgeuza mgonjwa ilitundikwa miguuni pa kitanda, ikiwa na saa na saini ya kila zamu, na kila nilipofunua shuka nilikuta visigino vimeinuliwa juu ya mto na ngozi haina wekundu. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa mazoezi. Mgonjwa wa nyonga hutakiwa kusimama na kutembea mapema kwa fremu ya kushikilia, lakini pale mtaalamu wa viungo alionekana kwa nadra, na alasiri nyingi Mama aliachwa kitandani kwa sababu tu ilikuwa rahisi zaidi kwa wahudumu. Lugha pia ilitusumbua: Mama huzungumza Kinubi na Kiswahili, ilhali wahudumu wengi walitumia Kiganda na Kiingereza. Alikuwapo kijana mmoja kutoka Arua aliyemwita Hajati na kumsalimu kwa Kiswahili, na siku za zamu yake sahani ilirudi tupu.

Muuguzi wa nyumbani alikuja asubuhi na kuondoka adhuhuri. Tulimwomba leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda kabla ya kuzungumzia malipo, na nawasihi wengine wafanye hivyo, kwani wapo wanaojiita wauguzi baada ya mafunzo mafupi tu. Alikagua kidonda, akalinganisha unene wa mashavu ya miguu kwa kuhofia damu kuganda, na akamfundisha wifi yangu namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumia mgongo. Alichelewa mara kwa mara kwa ajili ya foleni, na usiku ulibaki kuwa wetu.

Kwa kuwa Uganda bado haina bima ya afya ya taifa, yote haya hutoka mfukoni, na kitanda katika nyumba ya uangalizi hugharimu zaidi. Ningeilipia tena kwa zile wiki za mwanzo ambazo mgonjwa hajigeuzi na mlezi ni mmoja. Penye choo cha kukalia na watu wazima wawili wa kupokezana usiku, ningemwita muuguzi moja kwa moja. Kijana aliyevunjika mguu na anayejigeuza mwenyewe hahitaji nyumba hiyo hata kidogo; fedha zake ziende kwenye mazoezi ya viungo, kwa mfano katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, njia ya Entebbe. Anayechagua nyumba ya uangalizi aulize kwanza mtaalamu wa viungo huja siku zipi, na majibu hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa amana.