Raba za mtumba za shilingi 35,000: nimekimbia nazo kilomita 42

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Kiatu nakiangalia mshono kwanza, rangi baadaye. Nasema mapema ili anayetafuta maoni ya mkimbiaji hodari asije akanilaumu: nina miaka 44, marathoni nimekimbia moja tu, ya Kilimanjaro kule Moshi, na nimeimaliza kwa saa tano na dakika arobaini na ushee.

Raba zenyewe nilizinunua kwa kijana anayemwaga viatu vya mtumba juu ya turubai siku za kufungua belo. Alianza na 50,000, nikatoa 25,000, tukakutana kwenye 35,000. Chapa siitaji, maana kasoro nitakazozitaja ni za uzee, si za kiwanda.

Kisa cha kukimbia ni binti wa mwanamke ninayemfundisha kushona. Mtoto aliugua mafindofindo, yakaachwa yapoe yenyewe, yakarudi, baadaye magoti yakavimba, na mwisho ikaonekana vali ya moyo imeharibika. Wakapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Daktari alimweleza mama mtu kwa mfano wa mlango usiofunga. Hakushika. Nikamwambia ni zipu iliyong'oka meno: unaivuta inafunga, ukigeuka tu imeachia katikati, na damu inarudi ilikotoka. Hapo akaelewa, akalia. Siku hizi mtoto anachomwa penisilini kila baada ya wiki nne ili mafindofindo yasimrudie na kuila vali zaidi, na sindano hizo ni za miaka, si za mwezi.

Wazazi wenye watoto kama huyo wana kikundi cha kuchangiana nauli na chakula cha siku za kliniki Dar. Nikageuza daftari langu la vipimo, kurasa za nyuma, kila mteja aandike atatoa shilingi ngapi kwa kilomita. Wapo walioandika 100, yupo aliyeandika 2,000 (huyo mpaka leo ananizungusha, na suti yake ninayo). Jumla ilifika 27,000 kwa kilomita moja.

Sasa turudi kwenye raba. Kwa juu ni nzuri mno. Kitambaa cha wavu kinapitisha hewa, mishono ya pembeni imepigwa mara mbili, ulimi hauhami ukikimbia. Tatizo liko chini. Ndani ya ulimi wa raba nyingi kuna kilebo chenye namba na, mara nyingi, mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Sikukisoma. Nilipokuja kukisoma nikakuta raba ina miaka tisa! Soli haikuwa imelika hata kidogo, ndiyo iliyonidanganya, lakini gundi huzeeka hata kiatu kikiwa kabatini, na sponji ya katikati hukakamaa. Wiki ya tatu ya mazoezi, nikitoka stesheni kupanda kurudi Mwanga, soli ya kulia ikaanza kupiga makofi.

Fundi viatu akataka kunibandikia gundi tu. Nikamkatalia. Nilishuka Kibirizi kwa wavuvi, nikanunua uzi wa nyavu, nikaizungushia soli yote kwa shazia, mishono ya karibu karibu, nikamwachia yeye gundi ya juu. Kazi ya jioni mbili na vidole vilivyotoboka. Baada ya hapo nilienda nazo Ujiji na kurudi kila Jumamosi alfajiri, na njia ya Mwandiga siku za mvua, hazikuachia tena. Vilima vya Kigoma havina adabu, lakini ndivyo vilivyoniokoa Moshi.

Maana Moshi unaanza kwa kudanganywa. Barabara ya kuelekea Dar ni ya kujiachia, unarudi mjini ukidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo unaelekezwa kupanda Mweka. Kupanda, raba zilikuwa sawa kabisa. Kushuka ndiko nilikoadhibiwa. Vidole viligonga mbele kila hatua, na sponji ile kavu ikapeleka kila kishindo moja kwa moja magotini. Kucha mbili zimeng'oka. Kosa hilo ni langu: nilinunua namba 39 inayonikaa barabara, wakati mguu huvimba ukikimbia mbali. Nguo ya mtu sikati bila kuachia nafasi ya mshono, mguu wangu mwenyewe nikausahau. Chukua inayokuachia upana wa kidole gumba mbele, na usiamini namba za Ulaya wala za Marekani. Tafuta ile ya sentimita, kisha pima wayo wako kwa futi ya fundi.

Kwa mazoezi ya kilomita tano hadi kumi, raba za bei hii nazipa nyota nne. Kwa marathoni nzima, mbili. Ukiwa nazo mkononi, bonyeza sponji kwa dole gumba: ikirudi polepole au isibonyee kabisa, iache hata kama inang'aa. Kunja kiatu usikilize. Gundi iliyokauka inalia.

Muuzaji nampa tano, na hapa nina upendeleo. Naye alikuwa ameandika kwenye daftari, 500 kwa kilomita. Niliporudi nilimpelekea medali na raba zenyewe. Akazigeuza, akaukagua ule uzi wa nyavu, akacheka hadi wateja wakageuka.

"Mama fundi, hizi sasa ni mtumbwi."

"Mdogo wangu, mtumbwi umefika ng'ambo. Lete hela."

Akahesabu 21,000. Nikamkumbusha kwamba marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Akanitazama, akapapasa mfukoni, akanitupia sarafu ya mia.