Jenereta ya kuongezea tuktuk ya umeme masafa: ununue ipi Nairobi?

Tuktuk ya umeme iliyoundwa jua kali, yenye betri ya volti 72 na ampea-saa 80, hubeba kilowati-saa 5.8 hivi. Ukiilinda betri kwa kutumia asilimia 80 tu, unabaki na 4.6. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ikila wati-saa 75 kila kilomita, itazima baada ya kilomita 61. Mjini hadi Thika na kurudi ni kama 90, kwa hiyo unahitaji jenereta ya kuchaji betri ukiwa njiani.

Dukani, iwe mtaa wa Luthuli au Industrial Area, usisome wati za kilele, ambazo injini huzitoa kwa muda mfupi tu. Tafuta za kudumu. Kisha toa moja ya tano, kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na injini hukosa hewa. Plagi ya injini ikiwa nyeusi, fundi abadilishe jeti ya kabureta, kitundu kinachopitisha petroli, aweke ndogo.

1. Jenereta ya inveta (yenye saketi ya kusawazisha umeme), wati 1,800 za kudumu. Kwa safari ndefu za mara moja moja, hii ndiyo ya kwanza, bila kusita. Honda EU22i, kwa mfano, ina kilo 21 hivi na hupunguza kasi mzigo ukishuka. Hapa tarajia wati 1,450, zinazotosha chaja inayoingiza 1,200 kwenye betri.

Lakini chaja ndiyo huponza wengi. Ile ya bei rahisi huvuta mkondo kwa mishtuko: kwa wati 1,200 itadai karibu volti-ampea 2,000, na inveta itakata. Dai yenye alama ya PFC, yaani inayovuta mkondo kwa ulaini. Kwa betri ya seli 24 za LiFePO4 (aina ya lithiamu), chaja iishie volti 87.6.

2. Betri ya pili. Kwa safari ya kila siku, hii inapanda iwe ya kwanza. Lita moja ya petroli kwenye jenereta ndogo huacha kama kilowati-saa 1.5 ndani ya betri, yaani kilomita 20, na tuktuk ya kawaida ya petroli huenda mbali zaidi ya hapo. Kabla ya kuziunganisha sambamba, hakikisha betri zote mbili zina volti sawa. Zikitofautiana, moja itaimwagia nyingine mkondo mkali na kuchoma BMS, saketi inayolinda betri.

3. Jenereta ya fremu wazi, kVA 2.5. Bei nafuu, ila ina kilo 40 na zaidi, na hunguruma kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hata mzigo ukiwa mdogo. Inafaa kuchajia tuktuk ikiwa imeegeshwa.

4. Ile ndogo ya kuchanganya petroli na oili, wati 650. Hapa haizidi 520. Moshi mwingi, kilomita chache. Iache.

Jenereta ifunge nyuma, nje, juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, ekzosi ielekee mbali na abiria: kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Ikizima kwenye matuta, angalia oili kwanza; kihisi chake hukata injini oili ikipungua kidogo tu na kusukwasukwa huku na huku. Usijaze petroli injini ikiwa moto.

Kosa kubwa ni kuchelewa kuiwasha. Mota inakula kilowati 3, jenereta inarudisha 1.2, kwa hiyo betri bado inapungua kwa 1.8. Ukiwasha baada ya kilomita 10, ukikaribia Roysambu, utafika kilomita 95. Ukingoja hadi kilomita 40, utaishia 75, na Thika hujarudi.