Kliniki ya wanyama pale Ngong Road: wamemfanyia mbwa wangu Tausi upasuaji na ningewarudia hata kesho

Wale huwa mnauliza kila siku mtu apeleke mbwa wapi hapa Nairobi, hii nimeipenda sana. Kuna mahali pengine tulipita kwanza, jina siliweki, wakamdunga sindano wakasema ni tumbo tu ataamka poa, na huyu mbwa alikuwa anamaliza maji karai nzima, anakojoa ovyo, nyama hata hanusi.

Hapa swali la kwanza la daktari lilikuwa, jike huyu mara ya mwisho aliingia joto lini? Nikamwambia kama mwezi na nusu hivi. Akasema, "Mama, hiyo kiu si ya tumbo." Akamnyoa manyoya kidogo akampaka jeli, akanigeuzia skrini ya altrasaundi nione mwenyewe, mfuko wa uzazi umefura, mirija minene myeusi imejipanga kama soseji, na huo weusi wote ni usaha. Inaitwa payometra, huwashika majike ambao hawajafungwa uzazi, mara nyingi wiki chache tu baada ya joto. Ya Tausi mlango wa kizazi ulikuwa umejifunga kwa hivyo nje hakukutoka hata tone, na hiyo ndiyo hatari zaidi juu usaha hauna pa kutokea, sumu inaingia kwa damu, figo zinaumia, mfuko wenyewe unaweza kupasuka ndani.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba na haraka yote hiyo hawakukimbilia kisu. Walitoa damu wakapima figo, seli nyeupe na zile chembe za kugandisha damu, kwa sababu mbwa wa huku kwetu wanaumwa sana na kupe, na homa ya kupe hushusha hizo chembe, sasa ukimpasua bila kujua anaweza kuvuja damu mezani mpaka aishe. Za Tausi zilikuwa sawa. Wakamwekea dripu na antibaiotiki kwanza, jioni ndio akaingia thieta, wakatoa mfuko pamoja na ovari zote mbili. Daktari akaniletea kwa beseni nikauona, mzito, umevimba, jamani wanyama huvumilia.

Usiku alilala huko na kulikuwa na mtu macho kabisa, nilipiga simu usiku wa manane ikashikwa. Asubuhi nesi akamwinua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole, ukageuka mweupe halafu rangi ya waridi ikarudi hapo hapo, akaniambia ikirudi chini ya sekunde 2 basi damu inazunguka vizuri, na akanifundisha niwe nampima hivyo nyumbani. Koni ya shingoni, ile ya kumzuia asilambe kidonda, isitolewe hata akilia, nyuzi zinatolewa baada ya siku 10 hadi 14. Na dawa za maumivu ni zile walizonipa tu, msijaribu Brufen, na kama una paka Panadol iweke mbali kabisa, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Bili ilipita 30,000. Ni pesa nyingi sikatai, lakini walinichorea kila kitu kwa karatasi kabla ya kuanza na mwisho haikuongezeka, wakakubali nusu M-Pesa siku hiyo na nusu nikija kutoa nyuzi. Kumfunga uzazi akiwa mzima ni rahisi kuliko hii mbali sana, kwa hivyo mwenye jike na hataki watoto ampeleke mapema. Leseni ya Kenya Veterinary Board iko ukutani pale mapokezi, na popote mtakapoenda iangalieni kwanza.

Kitu kimoja warekebishe, mbwa na paka wanangojea chumba kimoja, viti vyenyewe vichache, na kuna paka mgonjwa alikuwa anatetemeka kila mbwa akibweka. Kile chumba cha nyuma wanachowekea magunia ya chakula kingetosha paka kabisa, nimewaambia na daktari amesema watakiangalia. Kwa sasa ukienda na paka mfunike kikapu na leso, na uende Jumatano au Alhamisi asubuhi, Jumamosi panajaa mpaka nje.