Chumba kimoja, vitanda viwili: treni ya usiku kutoka Bangkok hadi Chiang Mai

Nawaandikia wapenzi wawili ambao, kama sisi, wamezoea kulipia vyumba viwili vya hoteli na kulala kimoja. Mimi na mwenzangu tunaishi Nairobi. Huu ni mwaka wetu wa saba pamoja, na kwa mwenye nyumba sisi ni mabinamu. Juni 2025 tulikwenda Thailand siku kumi. Katika yote tuliyolipia huko, kitu ambacho ningekilipia tena hata kesho ni usiku mmoja ndani ya treni nambari 9, inayoondoka Bangkok saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni na kufika Chiang Mai saa moja na robo asubuhi.

Safari tulianza kuipanga tarehe 23 Januari 2025, siku sheria ya ndoa kwa wote ilipoanza kutumika kule. Thailand ikawa nchi ya kwanza Kusini-Mashariki mwa Asia kuandikisha ndoa za wanaume wawili au wanawake wawili. Mwenzangu alikuwa jikoni akikaanga vitunguu, nikawa namsomea habari kutoka kwenye simu. Akazima moto asikie vizuri. Usiku huohuo tukaanza kutafuta nauli.

Makaratasi kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Sisi wenye pasipoti ya Kenya tunahitaji viza, nayo huombwa kwa njia ya mtandao kabla ya kusafiri. Fomu ya kuwasili pia hujazwa mtandaoni, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Na usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kuna kaunta ya afya ambayo mtu anayetoka Kenya au Tanzania hupitia kabla ya uhamiaji. Tuliona familia ikirudishwa nyuma foleni nzima kwa kuipita bila kujua.

Sasa treni. Daraja la pili ni behewa lililo wazi, vitanda vya juu na vya chini kando ya ujia, kila kimoja na pazia lake. Ni pasafi na watu hulala vizuri. Daraja la kwanza ni vyumba vidogo vya watu wawili: kochi linalogeuka kitanda cha chini, kitanda cha juu kinachokunjuliwa kutoka ukutani, sinki, soketi ya kuchajia simu, na mlango wenye komeo. Choo kiko nje, mwisho wa behewa, pamoja na bafu la maji moto. Sisi tulilipa karibu baht 1,650 kwa kitanda cha chini na karibu 1,450 kwa cha juu. Kwa pesa zetu ni kama shilingi elfu kumi na mbili na ushee kwa wawili, na ndani yake umelipia usafiri na malazi. Mimi nilitaka ule mlango wenye komeo. Mengine yote yalikuwa nyongeza.

Kosa langu lilikuwa kukata tiketi kupitia wakala wa mtandaoni badala ya tovuti ya shirika la reli lenyewe, ambako tiketi huuzwa mapema na unachagua vitanda kwa kuvigusa kwenye ramani ya behewa. Nilimwandikia wakala waziwazi: watu wawili, chumba kimoja. Akaniletea tiketi mbili za vyumba viwili tofauti, kila mmoja wetu na mgeni wake. Nilipolalamika alinijibu kwamba mfumo ndio uliopanga, na kubadilisha ni gharama mpya. Nilikasirika sana. Mwenzangu akasema twende tu, tutaona mbele ya safari.

Treni za masafa marefu za kaskazini zilihamishwa Januari 2023 kutoka stesheni kongwe ya Hua Lamphong hadi Krung Thep Aphiwat, jengo kubwa mno lenye sakafu inayong'aa. Kutoka Suvarnabhumi tulipanda treni ya uwanja wa ndege hadi Makkasan, tukavuka kwa miguu hadi Phetchaburi, tukachukua treni ya chini ya ardhi mpaka Bang Sue, ambayo ndiyo hiyohiyo stesheni kuu. Nunueni chakula kabla ya kupanda. Tulibeba wali na kuku wa kukaanga, nanasi lililokatwa tayari, na maji. Bia iacheni, pombe ni marufuku ndani ya treni tangu 2014.

Mhudumu wa behewa, mwanamume wa makamo mwenye funguo kiunoni, alitukuta kwenye ujia na mabegi yetu, kila mmoja kasimama mbele ya mlango wake. Akatazama tiketi zetu kwenye simu, akalinganisha namba.

"Mko pamoja?" akauliza kwa Kiingereza chake cha kutosha.

Nikamwambia ndiyo.

"Marafiki?"

Hapo ulimi wangu ukaenda ulikozoea. Nilishafungua kinywa niseme ni binamu yangu. Mwenzangu akanitangulia: "Ni mpenzi wangu."

Alilisema kwa sauti yake ya kila siku, ile ile anayoagizia chai. Masikio yalinipata moto, nikainamisha macho. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akilisema neno hilo mbele ya mtu mwenye sare. Mhudumu akaitikia kwa kichwa, akaingia chumba changu, akazungumza Kithai na kijana aliyekuwa ameketi humo tayari. Kijana akainuka, akabeba begi lake na mfuko wa matunda, akahamia chumba cha pili kwa mzee mmoja aliyekuwa na kitanda cha chini. Alipotupita aliunganisha viganja kifuani, nasi tukamrudishia vivyo hivyo. Kitanda cha juu kwa kitanda cha juu, hakuna aliyepoteza kitu. Dakika mbili hazikuisha.

Nieleze jambo moja hapa. Katika treni za namna hii, wasafiri wasio pamoja hupangwa mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke. Ndivyo ilivyokuwa pia kwenye treni yetu ya zamani ya Nairobi–Mombasa. Kwa hiyo wanaume wawili wanaokata chumba kimoja hawamshtui mtu, na tungeweza kupita kimya kama tunavyopita kwetu. Mwenzangu hakutaka kupita kimya, nami namshukuru.

Baada ya treni kuondoka mhudumu alirudi kutandika. Alishusha kitanda cha juu kwa mkono mmoja, akakunjua godoro, akakung'uta shuka mara moja likatulia lote bila mkunjo, akatundika ngazi. Kisha akatutakia usiku mwema, akaufunga mlango nyuma yake. Kuna mlango mwingine wa pembeni unaounganisha chumba chako na cha jirani, hakikisheni umefungwa.

Reli ya Thailand ina upana wa mita moja, sawasawa na ile reli yetu kuukuu. Nilikuwa na miaka tisa baba aliponipandisha treni ya usiku kwenda Mombasa, na bado nakumbuka mhudumu akipita na kengele ya chakula cha jioni. Treni hiyo haipo tena. Ya sasa ni ya viti tu. Nilipolala pale chini nikasikia mwendo uleule, kuyumba kidogo kushoto, kidogo kulia, nikamwambia mwenzangu huko juu. Hakujibu. Alikuwa ameteremsha mkono wake kando ya kitanda, nikaushika, tukakaa hivyo mpaka ukamfa ganzi akaurudisha.

Bebeni kitu kizito cha kujifunika. Kiyoyozi hufanya kazi usiku kucha, na blanketi pekee halikunitosha. Nilijizungushia kikoi changu juu yake, ikawa afadhali.

Tegeni saa ya kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wengi hulala wakapitwa na sehemu nzuri kuliko zote. Baada ya Lampang treni hupanda milima taratibu, na Juni ni mvua, kila kitu kibichi, ukungu umekaa juu ya miti. Kisha giza linawameza ghafla: ni handaki la Khun Tan, mita 1,352, lililoanza kuchimbwa 1907 chini ya mhandisi Mjerumani Emil Eisenhofer. Mkitoka upande wa pili mnashuka hadi kwenye daraja jeupe la Tha Chomphu, mashamba ya mpunga pande zote. Sisi tuliyatazama tukiwa tumeketi kitanda kimoja cha chini, miguu ndani ya kikoi kimoja, tukila nanasi lililobaki.

Chiang Mai yenyewe sitaieleza sana. Mji wa kale ni mraba uliozungukwa na mfereji wa maji, unatembeleka kwa miguu. Mkichoka kuna magari mekundu ya benchi mbili, abiria wakitazamana, kama zile matatu za pikapu za zamani. Kuleni khao soi, tambi za mchuzi wa tui wenye bizari. Mtu wa pwani atajihisi nyumbani. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilitupa kitanda kikubwa kimoja bila swali.

Lakini msiende mkidhani kule ni peponi. Tarehe 21 Februari 2009 matembezi ya fahari ya wapenzi wa jinsia moja katika mji huohuo yalizuiwa na umati uliowazingira waandamanaji ndani ya uwanja. Walirudi barabarani miaka kumi baadaye, 2019. Wanaotembea leo wakiwa wameshikana mikono waliipigania nafasi hiyo. Na hata sasa wenyeji hawapendi mabusu hadharani, ya mtu yeyote na yeyote. Sisi tulishikana mikono sokoni usiku, na hilo lilitutosha mno.

Kwa wanaorudi Kenya: Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, vinavyotumika kuwashtaki watu kama sisi, Mei 2019, kwa hiyo hamisheni picha zenu kutoka kwenye simu kabla ya kupanda ndege. Inauma kuliandika, lakini fanyeni.

Tiketi za kurudi Bangkok nilizikata mwenyewe kwenye dirisha la stesheni ya Chiang Mai, asubuhi ileile tuliyofika. Dada wa dirishani aliuliza, chumba kimoja? Nikamwambia kimoja, mimi na mpenzi wangu. Akaandika majina yote mawili, akanigeuzia skrini nithibitishe herufi. Jina la mwenzangu lilikosa w moja. Tukaiweka.